Tangi la Tatu

Nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi ya utafiti wa afya, na kwangu kulikuwa Kariobangi, mtaa wa Nairobi, kwenye mistari minne ya nyumba, kila mmoja na tangi lake la maji. Mwaka mmoja tuliandika siku ambazo watoto wa kila mstari waliharisha, na kazi ya kukokotoa ikaniangukia mimi.

Uchanganuzi wa varianza, hesabu ya kupima kama makundi yanatofautiana kupita bahati tu, ulijibu waziwazi: matangi haya hayafanani. Lakini hesabu hiyo haimtaji mtu. Husema tu kwamba kuna asiye mwenzenu hapa, kisha hunyamaza. Ili kumjua, lazima uwalinganishe wawili wawili, na vipimo vya kulinganisha ni vingi. Mkubwa wangu alikuwa ameniambia nichague kimoja kabla sijatazama chochote. Mimi na ubishi wangu, nikatazama.

Kipimo chepesi, kinachoridhika na ushahidi kidogo, kilinyoosha kidole kwenye tangi la tatu. Tangi letu. Likifungwa, akina mama wa mstari wangu wangechota wapi? Na wangejua ni nani aliyelichongea. Nikajiambia kwamba kipimo hicho huona wachawi kila mahali, nikachukua kile kigumu, kinachodai ushahidi mwingi. La kwanza na la tatu: hakuna tofauti. La pili na la tatu: hakuna. Kila jozi, hakuna. Tofauti ilikuwapo kati ya yote manne, na haikuwa popote. Niliogopa, kama mtu katika nyumba ambayo sukari imeibwa na kila mdomo ni mkavu.

Ripotini nikaandika matokeo ya kipimo kigumu. Tangi halikufungwa.

Asubuhi iliyofuata miguu yangu ililipita tangi la tatu, ikanipeleka la kwanza kuchota maji ya wanangu. Kesho yake vilevile. Maji yetu yalikuwa maangavu, hayana harufu. Nikipita niliyasikia yakidondoka taratibu, nami nikaharakisha.

Siku moja jirani yangu, mwanawe kiunoni, akaniita akiwa pale tangini.

"Dada, mbona siku hizi unatupita? Kwani hii maji iko na nini?"

"Haina kitu, mama," nikasema. "Nanyoosha miguu tu. Ofisini nakaa sana."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Yeye akacheka, akasema masomo yamenizidi. Kisha akakinga kikombe, akaonja kidogo, akampa mtoto. Mtoto akanywa yote, huku akinitazama.