Kitanda cha Mninga Juu ya Landrova

Watu wa kwetu hawajui kufunga mizigo. Nasema bila haya, maana nimezaliwa Newala, nimepandisha maji kichwani kutoka bondeni mpaka shingo ikakomaa. Aliyepanda kilima kile na ndoo anapaswa kujua kwamba kila kisichohitajika ni adui. Wenzangu walipanda vilevile na hawakujifunza kitu. Mimi nilikwenda kaskazini, nikapata stashahada ya wanyamapori bila mjomba wala mkubwa wa kunishika mkono, nikarudi na Landrova yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ushirika umelegea na wanunuzi binafsi wa korosho wamemiminika Masasi. Mmoja wao, mzee wa Dar es Salaam, alitaka kuona tembo kando ya mto Ruvuma. Aliniambia wazi: akiridhika, wateja wake wa ng'ambo atakuwa ananiletea mimi niwatembeze porini. Asiporidhika, basi. Kampuni yangu, ambayo wakati huo ilikuwa gari moja na mahema mawili, ilining'inia hapo.

Mzee alifikia Mkomaindo, pale pale Masasi, kwa mume wa dada yangu, mlamu wangu, ambaye alikuwa akimkusanyia korosho. Mlamu alikuwa ametajirika juzi, na ilionekana. Alivaa koti la mtumba la nchi za baridi katika jua la Masasi, na kwenye safari yangu alijialika mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka nilipakia gari kama nilivyofundishwa: maji, mahema, chakula, dawa, tairi la akiba. Nikaingia ndani kunywa chai. Nilipotoka, mahema yalikuwa chini kwenye vumbi, na juu ya gari kuna kitanda. Sisemi kitanda cha kukunja. Kitanda cha mninga, chenye nguzo nne za chandarua, kimefungwa kwa kamba ya katani, miguu juu kama mbuzi aliyekufa.

"Mlamu, hiki nini?"

"Kitanda."

"Naona ni kitanda."

"Sasa unauliza nini? Mgeni halali chini, mlamu. Mzee wa watu akalale kama ng'ombe?"

"Atalala ndani ya hema."

"Hema! Si nguo tu hiyo?"

Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Tangu ulipokwenda kusomea hao nyani wako, umesahau mgeni anavyopokewa. Tumetoa kitanda chetu wenyewe, nawe unakunja uso!"

"Na simba akija, dada, mgeni aingie uvunguni?"

Majirani waliokuwa wamekusanyika wakaangua kicheko. Mlamu alikaza kamba.

Mzee naye akatoka. Shikamoo zikamiminika kutoka kila upande, naye akaitikia marahaba huku macho yake yako juu ya gari. "Hiki cha nani?"

"Chako, mzee wangu," mlamu akadakia. "Ndicho tunacholalia sisi."

Nikauona uso wa mzee unalainika. Hapo nilijua nimebanwa. Kwetu, anayekataa kitanda cha mgeni ndiye mshenzi, na mteja wangu alikuwa ananitazama. Hata hivyo nilipanda juu ya gari, nikaikata ile kamba kwa kisu.

"Kitanda kinabaki," nikasema.

"Nani anaongoza safari hii?" mzee akauliza.

"Mimi."

"Hata mwenyeji wangu akichukia?"

"Achukie akiwa hapa hapa. Gari halina nafasi ya kitanda, wala ya mwenye kitanda."

Mzee akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi.

Kule mtoni kundi la tembo liligeuka ghafla likaja upande wa kambi. Nilikunja mahema na kumwondoa mzee pale kwa muda ambao mlamu, kama angekuwapo, asingepata hata ncha ya kamba yake. Tuliporudi Masasi mzee alinishika mkono: "Wageni wangu ni wako." Akatimiza. Nina magari manne sasa.

Lakini watu wa Dar nao ni watu tu. Kitanda kile hakikumtoka mzee moyoni. Alikinunua, kikaondoka juu ya lori la korosho. Mlamu na dada wanalalia godoro sakafuni mpaka leo. Kila gari langu linapopita Mkomaindo limejaa Wazungu, mlamu huwaambia majirani kwamba kitanda chake kilifika Ruvuma na tembo wakakinusa.

Walewale walioniona nikikishusha, wanamwamini.