Harufu ya Mtungi Mpya

Plastiki ikiungua hunuka kulingana na ukoo wake. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa chuoni, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, nimekaa dawati moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Mwalimu alikata vipande vya vitu tulivyotoka navyo nyumbani, akavishika kimoja kimoja kwa koleo juu ya moto wa spiriti, akavizima na kutupitishia chini ya pua. Bomba la maji lilichoma koo kama asidi ya betri. Kamba ya nailoni ilinuka nywele zilizoungua. Kikombe cha mtindi kilitoa masizi meusi na utamu wa kukirihisha. Mtungi wa maziwa ulinuka mshumaa uliozimwa, basi.

"Andikeni," mwalimu alisema. "Mshumaa ni polithini. Polithini ndiyo itawalisha."

Vijana waliniita Kuka, babu kwa lugha ya kwetu. Msichana aliyekaa mbele yangu aligeuka. "Kuka, pua yako bado inafanya, ama tukunusie?"

Nikamwambia pua ndicho kiungo changu pekee kilichosoma mpaka mwisho. Walicheka, nami nikacheka, lakini sikuwa nimetania sana. Cheti changu kilikuwa kimoja, cha kidato cha nne, na kilikuwa kimelowa mara mbili. Tangu kukipata nilikuwa nimezurura: Kitale, Malindi, Busia, mwaka mmoja Juba. Nilipakia saruji, nililinda mageti, nilikaanga chapati kwenye hoteli ya mtu. Hakuna mahali nilipokaa miaka mitatu. Nyayo zangu huwasha. Halafu nikishaondoka, napakumbuka mahali pale kwa mapenzi ambayo sikuwahi kupaonyesha nikiwa pale.

Nilirudi Kakamega kwa sababu nilitaka, kabla sijazeeka kabisa, niwe na karatasi moja inayosema kwamba kuna kitu ninachokijua. Viwanda vya plastiki vilikuwa vinatafuta watu wa kuendesha mashine. Mwalimu alituambia anayemaliza na cheti hakai nyumbani mwezi.

Darasani nilipenda. Nilipenda kujua kwamba mfuko, beseni na kiti cha harusini vyote ni minyororo mirefu ya kitu kilekile, na kwamba joto linaweza kuilegeza ikakubali umbo jingine. Mtu kama mimi hupendezwa na habari hiyo. Kisha tukapelekwa viwandani kwa miezi mitatu ya mafunzo, ile tunayoiita atachimenti, na mapenzi yangu yakaanza kuchacha.

Kiwanda nilichopewa kilikuwa kidogo, cha mabati, pembezoni mwa mji. Kilitengeneza mitungi ya lita tano, ya buluu. Nilimuuliza fundi wa mashine kwa nini buluu tu, akasema, "Buluu huficha." Nyuma ya jengo kulikuwa na uwanja, na uwanjani kulikuwa na mlima wa plastiki kuukuu zilizonunuliwa kwa waokotaji: chupa za mafuta ya kupikia, makopo ya losheni, mabeseni yaliyopasuka, mitungi ambayo ndani yake maziwa yalikuwa yamegeuka jibini la kijani lenye funza. Siku ya kwanza nilifungua kopo nikakuta panya aliyekufa amelainika kama uji. Siku ya tatu ilikuwa nepi. Wanawake wanne walikaa juu ya magunia wakichambua kwa mikono mitupu, wakizungumza habari za harusi.

Kazi yetu ilikuwa ile ile ya darasani. Unakata kipande, unakichoma, unakinusa. Kikinuka mshumaa kinaenda kwenye pipa la kuoshea, kisha kwenye kisagio, kisha chembe zake zinachanganywa na chembe mpya na kumiminwa kwenye mdomo wa mashine. Chini hutoka bomba laini la plastiki ya moto likining'inia kama utumbo. Kalibu, chuma chenye umbo la mtungi, hulikumbatia, hewa hupulizwa ndani, na mtungi unazaliwa.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa Mumias aliyevaa kilemba safi chini ya kofia ya kiwandani. Aliniita mulamwa, shemeji, kwa kuwa kaka yake ameoa kwetu Kabras. Kila asubuhi ilikuwa "Asalaam aleikum, mulamwa. Kabras wameamka?" Alijua mashine kwa sauti yake: siku moja, akiwa amekaa ofisini anakunywa chai alisema, "Pete ya pili ya joto imekufa," na ilikuwa imekufa kweli. Nilimheshimu, na bado namheshimu. Yeye ndiye aliyekuwa anatia sahihi katika logibuku yangu, daftari ambalo kila wiki mwanafunzi huandika alichofanya. Wiki kumi na mbili, sahihi kumi na mbili, na maoni yake ukurasa wa mwisho. Sahihi moja ikikosekana hakuna cheti.

Wiki ya sita lori lilileta mzigo kutoka upande wa mashamba ya miwa. Ilikuwa mitungi mikubwa myeupe, lebo zimebanduliwa nusu. Nilipofungua mmoja, pua yangu ilinirudisha utotoni bila kuniomba ruhusa.

Wengi mjini hukunja pua upepo ukitoka kiwanda cha sukari cha Butali na harufu ya molasi, nzito, iliyochacha kidogo. Mimi huivuta kifuani mpaka inaisha. Lakini kuna harufu nyingine ya miwa. Ni ya dawa ya kuua magugu, kama dawa ya choo iliyomwagwa juu ya kitu kilichooza. Baba yangu alipokuwa akitoka kuipulizia, mama hakumruhusu kuingia. Aliogea nyuma ya nyumba, shati likabaki juu ya ua siku tatu, na sisi tulikatazwa hata kupita chini yake. Ndiyo harufu iliyokuwa ndani ya mtungi ule. Uwanjani mitungi hiyo ilikuwa inasuuzwa mara moja tu, katika pipa ambalo maji yake yalikuwa mazito kama uji wa wimbi.

Nilimpelekea msimamizi mtungi mmoja. "Mama, hii ni ya dawa ya miwa."

"Umechoma?"

"Nimechoma."

"Ikanuka nini?"

"Mshumaa."

"Basi ni yetu. Hapa tunachomanga, tunanusanga, tunasaganga."

"Lakini kabla ya kuchomwa inanuka dawa."

"Kila kitu hunukanga kabla ya kuchomwa, mulamwa. Hata wewe."

Wanawake wa uwanjani waliangua kicheko. Mmoja akasema watu wa Kabras wamezoea molasi ndiyo maana kila kitu kingine kinawanukia.

Hakuwa mwovu. Aliamini anachosema. Alinieleza kwa subira kwamba ndani ya mashine kuna joto la kuivisha jiwe, na uchafu gani unaweza kuvuka pale ukiwa hai. Tulifundishwa kutambua plastiki kwa moto, na moto ulisema polithini. Hakuna aliyetufundisha kuuliza plastiki ilikuwa imebeba nini. Siku hiyo mvuke uliotoka kwenye mashine ulikuwa na harufu ya shati la baba. Nilikwenda nyuma ya stoo nikatapika, kisha nikarudi nikaendelea kukata ncha za mitungi, ikiwa bado na joto mikononi mwangu.

Ijumaa niliandika katika logibuku: malighafi ni mitungi ya dawa ya magugu, imesuuzwa mara moja. Msimamizi alisoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Wewe ni mwanafunzi ama ni polisi?"

"Mwanafunzi, mama."

"Andika polithini iliyorejelezwa. Ndivyo wanavyoandikanga chuoni kwenu. Si uongo."

Haikuwa uongo. Hilo ndilo lililonikera kuliko panya na nepi. Nilichana ukurasa, nikaandika upya kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi. Nilipokwenda nyumbani mwisho wa wiki mama alinitengea ingokho na obusuma, kuku na ugali, chakula cha mgeni. Nilikula matonge mawili. Akaniuliza kama nina malaria.

Mkaguzi wa chuo alikuja wiki ya tisa. Alifungua daftari, akasifu mwandiko, akanipiga picha mbele ya mashine nimeinua mtungi kama kombe la mpira, akaenda zake. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nahesabu sahihi tatu zilizobaki.

Ijumaa ya mwisho nilipangwa getini, mahali wanunuzi wadogo huchagulia mitungi. Daftari langu lilikuwa mezani kwa msimamizi, likisubiri sahihi ya kumi na mbili na yale maoni. Akaja mwanamke wa Khayega anayeuza maziwa, mtu mzima, gumboots miguuni. Alichukua mtungi, akafungua kifuniko, akaingiza pua yote ndani na kuvuta pumzi.

"Inanuka mpya," alisema, ameridhika.

Na mimi, ambaye nilikuwa nimenyamaza wiki sita, nikasema, "Mama, usichukue huo."

Alinitazama, kisha akasogea karibu na kushusha sauti. "Kuna mizuri umeficha?"

"Hapana. Yote ni hivyo hivyo."

"Sasa mbona unanikataza? Unamwekea nani? Muuza maziwa mwingine, ako na gumboots kama zangu?"

"Simwekei mtu."

"Haya." Akageuka kuelekea ofisini na kupaza sauti. "Mama Msimamizi, huyu mzee wako ananinyima mitungi mizuri."

Msimamizi alitoka akiwa na kalamu mkononi. "Mulamwa, umeficha mitungi?"

Ningeweza kusema ni utani. Badala yake nilimwambia yule mwanamke kwamba mitungi hii imechanganywa na mitungi iliyokuwa na dawa ya magugu ya miwa, na kwamba asiweke humo maziwa ya kunywewa na watoto wa watu. Nilisema polepole, ili nisilazimike kurudia. Nilijua wakati ule daftari langu limekwisha.

Msimamizi hakukana. "Tumeosha, tukasaga, tukayeyusha," alisema. "Nusa mwenyewe, mama."

Mwanamke akaingiza pua tena. Alifumba macho, kama anayenusa utosi wa mtoto mchanga.

"Dawa naijua," alisema. "Bwanangu hupulizanga kwa shamba. Hii si dawa. Hii ni harufu ya upya." Akachagua minne, akapitisha kamba kwenye vishikio vya mitungi na kuifunga nyuma ya pikipiki. Akipanda alinipungia mkono kwa huruma, vile mtu humpungia mlevi asiye na madhara.

Msimamizi aliniambia nimfuate ofisini. Sikuona hasira usoni mwake. Kwa nini akasirike? Sikuwa nimempotezea hata mnunuzi mmoja. Alitia sahihi ya kumi na mbili, akageuza ukurasa, akaandika maoni yake taratibu huku akipuliza chai. Nilisoma nikiwa barabarani: *Ana bidii. Anapenda kuuliza. Mwaminifu. Tunapendekeza aajiriwe.*

Cheti nimekipata. Jina langu limeandikwa sawasawa na muhuri umekolea. Mama alikiweka ukutani karibu na kalenda ya kanisa, na wageni hukisoma kwa sauti. Nikikitazama huona lile neno mwaminifu, ingawa halimo.

Walinipa kazi kweli. Desturi yangu ingekuwa kuondoka, nikazurure, na baada ya miaka mitano nianze kuikumbuka ile sauti ya kalibu ikifunga. Lakini nilikuwa namwona yule mwanamke amefumba macho. Nikakubali kwa sharti moja: niwekwe uwanjani, si kwenye mashine, na mitungi ya miwa niitenge kwa pua kabla ya moto, isisagwe. Msimamizi alicheka. "Sawa, mulamwa. Tenga."

Nimekuwa nikitenga mwezi wa pili sasa. Wanawake wa magunia wananitupia ile wanayoitilia shaka bila kukatiza mazungumzo, na mmoja ameanza kunusa mwenyewe. Ijumaa iliyopita rundo langu kando ya ukuta lilinifika kifuani. Jumatatu asubuhi nililikuta magotini. Karibu na kisagio chembe nyeupe zilikuwa zimetapakaa sakafuni, na hewa ilikuwa na shati la baba.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri. "Malighafi iliisha Jumamosi," alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole ya msiba. "Mashine haiwezi kula pua yako."

Niliokota mtungi ulioanguka nikaurudisha kwenye rundo. Getini lori la kwanza la wiki lilikuwa linarudi nyuma kuingia, na kabla halijafunguliwa mlango nilikwisha kulinusa: mitungi ya miwa.