Tekla Anainunua Nyumba Yake Chumba kwa Chumba

Temeke. Jua halijapanda sawasawa, na Bi Tekla yumo kwenye udongo hadi magotini. Anaukanyaga, anaumwagia maji, kisha anachukua tonge na kulibandika kwenye fito kwa kofi ambalo jirani mvivu hulisikia kitandani. Siku zote hukandika nyumba za watu, shilingi tatu chumba kimoja. Leo anakandika chake.

Nyumba ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Kushoto ni kwa Tekla, Mnyamwezi wa Tabora. Kulia ni kwa Marijani, Mzaramo, dereva wa lori. Waliijenga pamoja mwaka 1949. Kiwanja wamekodi. Minazi ya uani nayo ina mwenyewe, hivyo nazi ikidondoka huitazama tu kwa adabu.

Mwezi uliopita Marijani alitaka kuuza upande wake ahamie shambani Chamazi. Akaleta mnunuzi, bwana mmoja mwenye koti. Tekla akaingiwa na hofu: mshirika mgeni akiziba ukumbi, yeye atapita wapi kwenda uani?

Bwana koti akauliza ardhi ya nani. Ya mwenye kiwanja. Minazi? Ya mwingine. Paa je?

"Letu sote," Tekla akamjibu. "Likivuja kwako, napanda na mie."

"Sasa nanunua nini?"

"Vyumba vitatu na mdomo wangu."

Bwana akaaga. Marijani alicheka, kisha akanuna. Ndipo Tekla akamwambia, "Niuzie mie, kimoja kimoja, kadiri ninavyopata."

Tatizo ni kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na neno la watani kesho hugeuzwa mzaha. Wakamwita Albano, mchonga vinyago Mmakonde wa nyumba ya pili, awe shahidi.

"Nilimwonya Marijani acheke baada ya kupokea fedha, si kabla," anasema Tekla.

Fedha zikahesabiwa mbele ya Albano, na chumba cha nne kikawa chake. Ndicho anachokikandika.

Marijani anatokea ukumbini na kikombe cha chai. "We Mnyamwezi, umeshavuka mpaka!"

"Nimevuka, na bado viwili. Anza kufunga mizigo."

Anaufuta ukuta kwa kiganja, polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

"Nikimaliza vyote sita," anasema, "atakayeuliza nyumba hii ya nani ataambiwa jina moja tu."

"Lenye matope!" anadakia Marijani.

"Lenye matope, ndiyo," anajibu Tekla, na kuchota tonge jingine.