Bado ya Jumanne

Goli lililokipa chuo chetu kombe la ligi ya vyuo ya wanawake lilifungwa kwa kichwa, na siku nne kabla ya goli hilo mimi ndiye niliyeandika kwenye karatasi kwamba kichwa hicho hakiumi. Mfungaji alikuwa beki wa kati aitwaye Riziki. Yeye mwenyewe halikumbuki goli lake. Mechi nzima haikumbuki.

Naandika haya kwa vijana wetu wanaosomea utabibu wa viungo hapa Sydney, hasa wale watakaoajiriwa kwa sababu, mbali na cheti, wanajua Kiswahili. Nianze na namna nilivyofika pale.

Nilitoka Kenya nikiwa na cheti changu na uzoefu wa hospitali ya wilaya. Kabla cheti hicho hakijatambuliwa hapa, nilifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Merrylands, nikiwageuza vitandani na kuwanyoosha magoti. Matroni wa pale alikuwa mama wa Kifilipino, mfupi, asiyepandisha sauti. Wiki ya kwanza alinikuta nimeinama juu ya mzee mmoja namuuliza kama anaumwa.

"Usimuulize kama anaumwa," alisema. "Atakujibu hapana ili umwache alale. Muulize ni wapi."

Cheti kilipotambuliwa nilihamia kliniki moja Penrith. Asubuhi za Julai barafu ilikuwa imelala juu ya nyasi za kituo cha treni, na mimi nilikuwa mtu wa kwanza kufungua mlango. Msimamizi wa Kliniki alikuwa mzee mkali wa kalamu. Kila mgonjwa ana faili, na katika faili kuna sehemu ya maneno ya mgonjwa. Siku moja niliandika, "Mgongo unamsumbua." Akanirudishia faili.

"Alisema unamsumbua?"

"Alisema ni kama mtu amemkalia."

"Basi andika amekaliwa. Tafsiri ni kazi yangu na yako baadaye. Kwanza tupate alichosema."

Mafunzo hayo mawili, kuuliza swali lisilojibika kwa neno moja na kuandika neno la mgonjwa kama lilivyotoka, niliyabeba miaka mingi bila kuyaangusha. Niliyaangusha yote mawili siku moja, ndani ya dakika tano.

Baadaye niliajiriwa na timu ya chuo, na siku yangu ya kwanza Daktari wa Timu alinikabidhi mkoba mwekundu. Ndani yake mlikuwa na plasta ngumu za kufungia vifundo vya miguu, barafu ya mfuko, mkasi butu, na bahasha ya plastiki yenye karatasi za dalili na kalamu. Karatasi ya dalili hutumika mchezaji anapogongwa kichwa. Ina orodha: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, mwanga kuchoma macho, na mengine ya namna hiyo. Kila dalili hupewa alama kuanzia sifuri, maana yake haipo, hadi sita, maana yake imezidi. Mchezaji hutakiwa kuijaza kwa mkono wake mwenyewe. Pakiwa na alama moja tu isiyo sifuri, anakaa nje kwa wiki kadhaa na hakuna wa kubishana.

"Mkoba huu una kitu kimoja tu cha hatari," Daktari aliniambia, akiigonga ile bahasha kwa kidole. "Kalamu."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni.

Riziki alikuja msimu wangu wa mwisho. Alikuwa na miaka ishirini, mzaliwa wa Bukavu, akisomea uuguzi. Aliishi Blacktown na mama yake, ambaye alipakia mizigo kwenye ghala, na mdogo wake wa kike. Kiingereza chake kilikuwa cha kutosha darasani, lakini akichoka kilimkimbia. Alikuwa mrefu, mwenye subira, na aliruka kwa kuchelewa kidogo kuliko wenzake, kwa hiyo alibaki hewani wakati wao wanashuka. Siku ya kwanza aliposikia namsalimu kwa Kiswahili alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Maman, uko Mukongomani?"

"Mimi Mkenya, mwanangu."

"Ah, ni sawa tu. Tutasikilizana."

Tulisikilizana, ila mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Kiswahili mimi nilikipata shuleni, kwa mwalimu aliyetuchapa kwa kila ngeli tuliyoikosea, nami nikakipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokilipia. Riziki alisema "kiatu yangu", "goti iko nauma", "mipira ile moja". Mimi nilimsahihisha. Kiatu changu. Goti linauma. Nilikuwa nikimfunga kifundo na plasta huku nikimfunga na sarufi. Wenzake hawakuelewa neno hata moja lakini walielewa sura yangu, wakacheka. Riziki aliponiuliza ngeli ni nini nikamweleza, na kuanzia siku hiyo akaniita Madame Ngeli.

"Madame Ngeli, leo mguu iko… mguu uko… mguu mzuri," alisema asubuhi moja, akainua mkono kama mwamuzi. "Nimeponyoka."

Nilifurahi. Niliona anaendelea. Nilichokosa kuona, mimi ninayejisifu kwa macho, ni kwamba majibu yake yalikuwa yanazidi kuwa mafupi. Mwezi wa kwanza alinieleza maumivu yake kwa hadithi nzima: yalivyoanza, alivyolala nayo, mama yake alivyomkanda. Kufikia katikati ya msimu alinijibu neno moja moja. Ndiyo. Hapana. Kidogo. Neno moja halina upatanisho wa kukosea.

Timu ilianza vibaya. Tulipoteza mechi mbili za mwanzo, na Mkuu wa Michezo akawa anapita uwanjani na uso wa mtu aliyekuja kupima uwanja kwa ajili ya matumizi mengine. Kocha Mkuu, mwanamke aliyefundisha hesabu, alimtoa Riziki pembeni akamweka beki wa kati, na tangu hapo tukafungwa magoli machache mno. Tulishinda kwa goli moja moja. Wakati wa mapumziko wasichana walikula vipande vya machungwa kwenye baridi, mvuke ukiwatoka mabegani, na Riziki alikuwa wa kwanza kurudi uwanjani. Miezi ya baridi ikapita hivyo. Tukaingia nusu fainali.

Katika nusu fainali aligongana kichwa na mshambuliaji wao. Alianguka, akakaa, akasimama kabla sijafika. Nilimtoa, nikamfanyia vipimo vya pembeni ya uwanja: siku gani leo, tunacheza na nani, simama kwa mguu mmoja. Alipita vyote. Utaratibu ulitaka apimwe tena baada ya siku chache kwa ile karatasi ya dalili, kabla ya kuruhusiwa mazoezini. Ikaangukia Jumanne. Fainali ilikuwa Jumamosi.

Jumanne Daktari alikuwa hospitalini kwake, akanipigia simu.

"Kiingereza chake kinatosha kwa ile karatasi? Naweza kuomba mkalimani wa simu. Itachukua robo saa."

"Daktari," nilimwambia, "mkalimani ni mimi."

"Sawa. Lakini ajaze mwenyewe."

Tulikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Riziki aliitazama karatasi, akaiona ndefu, akanirudishia kalamu. Nje Kocha alikuwa amekwisha piga filimbi ya kwanza. Nikaona nimsaidie. Nikamsomea orodha kwa Kiswahili, tena Kiswahili safi.

"Unasikia kichefuchefu?"

"Hapana."

"Kizunguzungu?"

"Hapana."

"Mwanga unakuchoma macho?"

"Hapana."

"Kichwa kinauma?"

"Bado."

Nikaandika sifuri.

Kwetu ukimuuliza mtu kama amekula, akasema bado, basi hajala. Bado ikisimama peke yake ni jambo ambalo halijatokea. Kichwa hakijauma. Ndivyo nilivyosikia, na kalamu ilikuwa imekwisha kupita. Lakini bado ni pia jambo ambalo halijaisha. Mvua ingali inanyesha? Bado. Mgonjwa angali amelala? Bado. Riziki angeweza kuwa ananiambia: kichwa kingali kinauma. Kama angenijibu kwa Kiswahili chake cha mwezi wa kwanza, angesema "bado iko nauma", au "bado haiyanza kuuma", na mimi ningemsahihisha ngeli na kumwelewa.

Alikuwa amejibu hapana mara tatu mfululizo. Mara ya nne akabadilisha neno. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza kwa nini. Mimi niligeuza karatasi nikamwonyesha pa kutia sahihi.

Kocha alikuwa mlangoni. "Yuko sawa au hayuko? Nahitaji neno moja."

"Yuko sawa."

Fainali ilichezwa mchana wa jua la mapema Septemba, ndege weusi kwa weupe, ambao msimu huo hulinda viota vyao, wakiwashambulia watazamaji kutoka kwenye miti. Tulikuwa sare hadi dakika za lala salama, tukapata kona. Riziki alipanda kutoka nyuma, akaruka kwa kuchelewa kama kawaida yake, akabaki hewani, akaupiga mpira na paji la uso ukaingia pembeni. Wasichana walimrukia. Nilimwona ametabasamu. Filimbi ya mwisho ilipolia alinijia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Maman, tunaanza saa ngapi?"

Hakucheza tena. Sitaeleza yote, mengine ni yake. Hawezi kusoma zaidi ya ukurasa mmoja bila kulala chini. Masomo ya uuguzi yamesimamishwa. Anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Daktari bingwa amesema huenda ikapungua, huenda isipungue, na kwamba mapigo mawili yaliyofuatana kwa karibu si kama pigo moja. Alipouliza kama baada ya pigo la kwanza palikuwa na dalili, alipewa karatasi yangu. Sifuri.

Nilikwenda kwao Jumapili moja, nikamuuliza mama yake kuhusu zile siku kabla ya Jumanne. Alisema Riziki alilala sana, lakini alilala sana kila baada ya mechi. Mdogo wake, anayeelewa Kiswahili ila hujibu Kiingereza, aliinua macho kutoka kwenye simu: "She sang in choir on Sunday. She was fine." Kisha akaongeza, "I think."

Nikamuuliza mwenyewe. Tulikuwa jikoni, mapazia yamefungwa.

"Riziki, ile Jumanne nilikuuliza kama kichwa kinauma, ukasema bado. Bado gani?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Siku hizi kila kitu anakifikiri kwa muda mrefu.

"Maman, ile Jumanne miye siikumbuke. Na ile goli naionaka mu video tu, ni kama mutu mwingine." Halafu akanitazama juu ya miwani. "Nilisema neno moja tu?"

"Moja tu."

"Basi nilikuwa naogopa ngeli," akasema, akacheka. Mimi sikuweza.

Nilistaafu mwisho wa msimu ule kama ilivyopangwa. Mkuu wa Michezo alitoa hotuba, akasema utumishi wangu ulifungwa kwa kombe. Kwenye ukuta wa chuo kuna picha ya timu. Mimi nipo pembeni na mkoba mwekundu. Nilimweleza Daktari wa Timu yote, neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho.

"Karatasi ina sahihi yake," alisema.

"Ina sahihi yake na mwandiko wangu."

"Najua. Niliuona ile ile Jumanne, nikaachia." Hatujazungumza tena tangu hapo.

Wanaonitembelea huniambia kwamba hata ningeuliza vizuri, pengine jibu lingekuwa lile lile. Huenda. Lakini ndiyo maana tunauliza vizuri: ili baadaye tuwe na jibu, si huenda. Kijana anayesoma hapa, lugha yako ya nyumbani ni mkoba wa pili watakaokukabidhi. Usiutumie kumfundisha mgonjwa kusema. Aseme kama anavyosema, na wewe uandike.

Mwezi uliopita niliandikia ofisi ya kumbukumbu ya chuo nikiomba sifuri ile ifutwe. Walijibu kwa adabu. Kilichoandikwa hakifutwi, ila naweza kuongeza maelezo chini yake, yatakayosomwa na kila daktari atakayelifungua faili la Riziki. Nikajaza fomu yao kama Msimamizi wa Kliniki alivyonifundisha kule Penrith: Mchezaji alisema, "Bado."

Fomu imerudi. Wameweka alama ya njano na kuniomba niandike kwa Kiingereza maana ya neno hilo, kwenye nafasi waliyoiacha. Nafasi inatosha neno moja au mawili.

Imekaa mezani jikoni, chini ya bakuli la machungwa. Binti yangu kila akipita huniuliza, "Mum, have you sent it?"

"Bado," namjibu.