Mstari Unaopinda Juu ya Sikio

Jina lake la kwenye cheti halitumiki. Saluni nzima wanamwita Mbona, na aliyempa jina hilo ni mama yake mzazi, aliyechoka kuulizwa mbona sufuria inalia kabla maji hayajachemka, mbona paka hana haya. Wengi wetu tunaiacha tabia hiyo tukishaota meno ya pili. Yeye hakuiacha. Ana umri wa kuitwa bibi na watoto wa watu, na bado akikushika kichwa ataanza kwa kukichungulia kama mtu aliyeangusha sindano, kisha atasema, "Mbona huku nyuma nywele zako zinaota kwa hasira?"

Mimi nafanya kazi ghorofa ya juu ya saluni hiyo, kwenye ofisi ya bima, na kichwa changu kimekuwa mikononi mwake tangu nilipoajiriwa. Kwa kawaida mteja ndiye anayemmwagia msusi siri zake. Kwetu mambo yaligeuka: mimi si msemaji, yeye anasema, na ndivyo nilivyoyajua haya. Mengine niliyaona kwa macho yangu, nusu nimesukwa na nusu nimefumuliwa, hali ambayo haimpi mtu heshima yoyote.

Usukaji wake ulianzia kwenye kovu. Wakiwa watoto, mdogo wake alikimbia, akageuka ghafla, akajigonga kwenye kona ya dirisha la chuma, juu ya sikio la kushoto. Kidonda kilipona, nywele hazikurudi. Palibaki upara mdogo wa ukubwa wa kidole gumba, na shuleni wakampa jina ambalo sitaliandika. Mama yao alijua kusuka mistari iliyonyooka tu, na mstari ulionyooka ukifika kwenye kovu unakatika na kulitangaza. Mbona, ambaye hakuwa amewahi kushika kitana kumsuka mtu, akauliza: mbona mstari ni lazima unyooke? Akamkalisha mdogo wake katikati ya magoti. Akajaribu, akafumua, akajaribu, mtoto wa watu akalia, akafumua tena. Mwishowe mstari ukapita pembeni ya kovu, umepinda kama njia inayokwepa shimo, na kesho yake hakuna aliyecheka.

Tangu hapo yakawa mazoea yao wawili. Saluni haifunguliwi Jumatatu, na hata walipokuwa watu wazima, kila mmoja na nyumba yake, Jumatatu Mbona alikwenda kwa mdogo wake. Mdogo mtu kwenye kigoda, dada mtu kwenye kiti nyuma yake, na kichwa kile kikawa mahali pa kujaribia kila lililomwasha Mbona wiki nzima: mistari ya mshazari, ya kuzunguka, ya kuachana na kukutana mbele ya safari. Iliyofaulu ilipelekwa saluni Jumanne. Isiyofaulu, mdogo mtu alizurura nayo hadi Jumatatu nyingine, amefunga kitambaa. Kitambaa alikifunga hata ilipofaulu. Kovu lilikuwa limefichika vizuri, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wenyewe hawakuyaita hayo kazi. Waligombana, waliwasengenya ndugu, walikula. Ila ukiiondoa Jumatatu, Mbona alibaki msusi kama wasusi wengine, na mdogo wake alibaki mwanamke mwenye kovu. Jambo hilo wote wawili walilijua, ingawa hawakuwahi kulisema.

Kisha Madam, mwenye saluni, akanunua tableti. Ndani yake mlikuwa na akili bandia: unapigwa picha, inakuonyesha sura yako na mitindo chungu nzima, hata ile ambayo haijawahi kusukwa na binadamu. Wasusi wengine walinuna. "Waliosema akili ni nywele, kila mtu ana zake, hawakujua kwamba vyote viwili vitauzwa bandia," alisema mmoja wao, na tukacheka. Mbona hakununa. Aliipenda kuliko wote. Aliiuliza maswali mpaka chaji ikaisha: mbona mistari hii haina njia, mbona kila unayemchora ana shingo ndefu? Ikamjibu kila swali kwa adabu, jambo ambalo mama yake hakuwahi kulifanya.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sitaisingizia tableti. Majibu yalikuja upesi mno. Swali ambalo zamani lingemwasha mpaka Jumatatu, sasa lilijibiwa kabla hajameza mate. Wateja nao walichagua picha zilezile tano sita, na mikono yake ikazifuata. Jumatatu moja alimpigia mdogo wake simu akasema amechoka. Iliyofuata hakupiga. Ya nini kujaribu, na picha zipo? Mdogo wake alikuwa ameshafumua nywele, anasubiri. Alisubiri Jumatatu kadhaa, halafu akaenda kununua wigi.

Barua zangu za ofisini siku hizi naandikiwa na mashine ya aina hiyohiyo, kwa hiyo sina mdomo wa kumcheka mtu. Nilichokiona mimi ni kwamba Mbona hakunichungulia tena kichwa. Ananisuka, nalipa, ahsante, karibu tena. Ikapita miezi hajaniuliza mbona hata moja, na nikajikuta naumia, mimi ambaye zamani nilikuwa nikimwomba anyamaze.

Jumamosi moja akaja mwanamke wa benki. Alikuwa amepandishwa cheo, na picha yake ingetundikwa ukutani kwenye tawi lao. Akapigwa picha, akaperuzi, akachagua.

"Dada, nataka hii."

Mbona akaitazama. Akaisogeza karibu na macho.

"Mistari saba imeanzia kwenye paji," akasema. "Mbona kisogoni imefika sita?"

"Mimi sijui. Nimeipenda hivyohivyo."

"Huu mmoja umeingia chini ya mwenzake, haukutoka. Umekwenda wapi?"

Madam akainua kichwa kutoka kwenye simu yake. "Mbona, hapa tunasuka kinachoonekana. Hatufanyi kazi ya polisi."

"Madam, msuko haupotei. Ukishauanza lazima uishie mahali."

"Basi utafutie mahali. Dada anarudi Jumanne."

Mbona aliiuliza tableti mstari umekwenda wapi. Ikaomba radhi, ikachora upya, na safari hii ikaanza saba ikamaliza nane. Nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, nikamwona usoni. Alikuwa amekasirika na amefurahi kwa pamoja, na uso huo nilikuwa nimeusahau. Swali lilikuwa limekosa jibu na lilikuwa linamwasha.

Jumatatu akaenda kwa mdogo wake bila kupiga simu. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye nywele laini zinazofika mabegani, na ilimchukua Mbona muda kumtambua.

"Umepotea," mdogo wake akasema.

"Nipo."

"Haya, mwenye kuwepo. Umekuja kwangu au umekuja kwa kichwa changu?"

Angeweza kusema uongo. Mimi ningesema.

"Kwa kichwa," Mbona akajibu. "Kuna swali limenishinda."

Mdogo wake akampisha mlangoni. "Angalau hujanidanganya," akasema. Akavua wigi, akaivisha chupa ya maji iliyokuwa mezani, akaenda kuleta kigoda. Aliposhakaa, kisogo kikiwa kinamwelekea dada yake, ndipo alipotoa la moyoni.

"Nilikungoja, dada. Nikadhani umepata kichwa kingine."

"Sijapata."

"Na lile wigi linawasha."

"Naona. Nisamehe, mdogo wangu."

"Vuta taratibu basi. Umeota mikono ya saluni."

Walianza mistari saba. Mmoja ukagoma. Ukipitishwa chini ya mwenzake unavimba kama mshipa wa mtu mwenye deni la usingizi, ukikatwa unafumuka. Mdogo mtu akasema tableti yenu ni mwongo, tukale. Wakala, wakamsema shemeji mmoja ambaye simjui, wakarudi. Wakafumua tena, ngozi ikawa inawaka. Kisha mstari wa sita ukafika kwenye kovu, na Mbona, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaupindisha. Ulipopinda ukagusana na wa saba.

Akaacha mikono hewani.

"Nini?" mdogo wake akauliza. "Umeharibu?"

"Nyamaza kidogo."

Badala ya kuurudisha, akazichanganya nywele za mistari miwili, zikawa msuko mmoja mnene unaolizunguka kovu na kuteremka shingoni. Saba mbele, sita nyuma, na kila unywele unajua ulikokwenda. Haikuwa ile ya kwenye picha. Ilikuwa nyingine kabisa. Mbona aliniambia kwamba alilia, na kwamba mdogo wake, ambaye hakuwa na kioo karibu, alidhani amenyolewa.

Jumanne walikuja wote wawili. Mdogo mtu akafungua kitambaa katikati ya saluni, macho chini, ili mwanamke wa benki aone kwenye kichwa cha mtu hai. Yule mama akatazama kichwa, akatazama tableti, akatazama kichwa tena.

"Nzuri," akasema. "Ila siyo yangu."

Msusi mwingine akaifanya ya kwenye picha kwa gundi. Picha ya ukutani ilitoka vizuri, siwezi kusema uongo, maana alipigwa kwa mbele.

Madam lakini ni mfanyabiashara. Kabla mdogo mtu hajafunga kitambaa alikuwa ameshampiga picha ya ubavuni ("Sura usioneshe, Madam, tafadhali") na kuipachika mtandaoni. Watu waliipenda. Wasusi wa mbali nao wakaisuka na kupachika zao. Sisi tukaisahau, kwa sababu Jumatatu zilikuwa zimerudi na kila Jumanne kulikuwa na jipya, mengine ya kutisha. Mimi mwenyewe nilikwenda ofisini wiki nzima na kitu ambacho meneja wangu alikiita ramani. Sikujali. Nilikuwa nimeulizwa mbona tatu wakati nikisukwa.

Miezi ikapita. Siku moja akaja msichana wa chuo, akaperuzi tableti, akageuza kioo chake kumwonyesha Mbona. "Hii. Ndiyo iko kila mahali sasa hivi."

Ilikuwa sura ya msichana mwenyewe, mistari saba mbele, sita nyuma. Juu ya sikio la kushoto mstari wa sita ulipinda, ukakutana na wa saba, ukaacha katikati nafasi tupu ya ukubwa wa kidole gumba.

Mbona aliitazama kwa muda mrefu kiasi cha Madam kukohoa.

"Mbona imepinda hapa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndivyo ilivyo, dada. Ndiyo staili yenyewe."

"Najua. Nauliza kwa nini."

Msichana akaiuliza tableti, maana ndivyo walivyozoea. Ikajibu kwamba mpindo huo huleta mvuto na kuupa uso uwiano. Nilicheka peke yangu, na Mbona, aliyekuwa akinisuka, akanivuta nywele.

Mdogo mtu alikuwa hapo. Alikuwa amepita kuchukua ufunguo aliomwachia dada yake, amesimama mlangoni na kitambaa chake kichwani. Akasogea, akaiona tableti, na mkono ukapanda wenyewe juu ya sikio la kushoto. Alikuwa amelificha kovu lile tangu darasa la pili. Nilidhani ataondoka. Mbona naye alidhani hivyo, kwa sababu alianza kusema, "Mdogo wangu, mimi sikujua..."

"Hebu ngoja, dada."

Akafungua kitambaa. Akainama mbele ya msichana wa chuo, akatenga nywele kwa vidole.

"Kwa nini yake hii hapa," akasema. "Niligonga dirisha. Gusa."

Msichana akasita, kisha akagusa, kwa ncha ya kidole kimoja. "Kumbe," akasema. Baadaye kidogo akauliza, "Kwa hiyo watu wote hawa wanaosuka hivi..."

"Wanavaa kovu langu," mdogo mtu akamalizia. Akaanza kucheka, na kicheko chake kikawa na machozi ndani yake, na wasusi waliokuwa wamenuna tangu tableti iingie wakacheka naye. Mimi nilijipangusa kwa taulo la saluni. Halikuwa safi.

"Basi mimi sina haki nayo," msichana akasema. "Nina kovu la gotini tu."

"Kaa hapa," Mbona akamwambia. Akaiweka tableti kando, uso chini, bila chuki yoyote, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakichungulia. Akachukua muda wake. Akapapasa paji, akapapasa utosi, akashuka nyuma ya sikio la kulia, akasimama hapo. "Mbona hapa nywele zako zinazunguka zenyewe? Nani amekwambia unyooshe? Wewe tutapindia hapa."

Madam akasema kwamba wateja wanasubiri. Mdogo mtu akachukua ufunguo wake, akamwambia dada yake wataonana Jumatatu, na aje na samaki, si maswali matupu. Akatoka nje kwenye jua la mchana, kichwa wazi, akavuka barabara bila kuharakisha. Kitambaa alikiacha kwenye msumari karibu na kioo. Nilidhani atakirudia. Bado kipo hapo, na Mbona hukitumia kufutia tableti vumbi.