Kipa Aliyenishukuru

Nilitoka Kitale Jumatatu alfajiri nikafika Msambweni Alhamisi jioni. Basi lilinifikisha Nairobi, na hapo nikadandia lori la kabichi lililokatika ekseli Mackinnon Road. Nilikaa pale siku nzima nikinywa chai ya rangi na madereva, mpaka mtu mmoja aliyekuwa akipeleka mbuzi Kinango akanikubalia nikae nyuma pamoja nao. Kutoka Kinango nilipanda pikipiki hadi Kwale, kisha barabara ikateremka na hewa ikawa nzito, yenye chumvi. Mfukoni nilikuwa na karatasi yenye jina la ghala la nazi lililotafuta karani. Mtu wa kwanza niliyemwuliza njia alikuwa mama mmoja aliyeuza viazi vya karai karibu na kituo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu," akasema, kisha upepo ukampelekea harufu ya mbuzi niliyotoka nayo. "Karibu, lakini usikaribie sana."

Ghala lilikuwa limeshapata karani. Yule mama ndiye aliyenipa kazi. Alikuwa mwenyekiti wa timu ya mpira ya pale, na alihitaji mtu aliyemaliza kidato cha nne, anayeweza kujumlisha bila kukasirika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zamani timu moja ya ligi yetu ndogo iliwajaza wachezaji ahadi hata ikalazimika kuuza nyavu na milingoti ya magoli. Baada ya aibu hiyo timu zote zilikubaliana kuweka kikomo: jumla ya malipo ya wiki kwa kila aliye kwenye orodha, kuanzia nahodha hadi mfua jezi, isizidi shilingi elfu thelathini. Ukizidisha, unakatwa pointi. Mimi nilikuwa mtu wa kuwatosheza wote ndani ya elfu thelathini. Wachezaji waliniita Bwana Kikomo, na sikuchukia.

Msimu ukiisha, mikataba yote ilikwisha siku moja. Kila mchezaji alikuwa huru kuzungumza na timu yoyote, hadi Ijumaa ya mwisho saa kumi alasiri, fomu zinaporudishwa. Nilizipenda wiki hizo kuliko mechi. Nilivuka mashamba ya watu na kalamu sikioni, na kila mahali nilikuta mtu mwenye hoja. Mwisho wa msimu wangu wa pili, beki wetu wa kushoto, aliyekuwa ameoa mwezi huo, alitaka aongezwe mia tano.

"Kaka, sasa tuko wawili."

"Mtacheza wawili?"

Alicheka, akakubali mia mbili.

Mtu ambaye hatukuweza kumkosa ni kipa. Siku za kazi alikuwa baharia wa mashua za watalii kule Shimoni, na mwenyekiti alikuwa amesema wazi: akienda Diani, tutashuka daraja. Hesabu yangu ilimpa elfu mbili na mia tano. Nilimfuata Shimoni Jumatano, nikamkuta akikung'uta mchanga kwenye maturubai. Alinipa kiti na muhogo wa nazi, akasikiliza ofa yangu mpaka mwisho.

"Ahsante sana, kaka," akasema, mkono kifuani. "Nashukuru. Nashukuru sana."

Nilirudi nikipiga mluzi. Njiani nilimpigia simu mshambuliaji mmoja tuliyemtamani, nikampa kila kilichobaki chini ya kikomo. Kabla ya magharibi alikuwa ametia saini, na fomu yake imeshapelekwa ofisi ya ligi. Orodha ikawa elfu thelathini kamili. Nikampelekea mwenyekiti habari njema.

"Alisemaje hasa?" akauliza, akigeuza viazi.

"Alisema anashukuru sana."

Akaweka kijiko chini. "Baba, ukikaribishwa chakula hapa kwetu, ukasema nashukuru, unapewa sahani?"

"Hapana. Unaachwa."

"Basi umeachwa."

Wateja wawili walicheka hadi wakashikana mabega. Nami nilicheka, ingawa masikio yalikuwa yakiniwaka moto. Miaka miwili Pwani, na bado nilisikia neno kwa sikio la Kitale.

Alhamisi nilirudi Shimoni. Kipa aliinamisha uso. "Kaka, umetoka mbali, umekula muhogo wangu. Ningekuambiaje hapana? Ingekuwa kukuvunjia heshima." Kisha akaniambia yote. Diani walimpa elfu nne. Kila siku ya mazoezi ilikuwa siku bila mashua, na elfu mbili na mia tano haikufidia. "Kubaki nataka. Mama yangu anakaa nyuma ya uwanja wenu, mechi zote anakuja kunitukana. Lakini nipeni elfu nne. Hadi kesho, kaka."

Zilipungua elfu moja na mia tano. Ijumaa asubuhi nilipitia orodha jina kwa jina kwenye benchi la mwenyekiti. Mikataba yote ilikuwa imetiwa saini, isipokuwa wa kipa na wa mtu wa mwisho kabisa, baada ya mfua jezi. Huyo wa mwisho alilipwa elfu moja na mia tano. Nikapiga mstari.

"Umemfuta nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi."

"Wee! Huwezi."

"Mama, msimu mzima sikudaka hata mpira mmoja."

Akacheka, kisha akapangusa macho kwa ncha ya leso akilaumu pilipili. Akaniambia nitakula kwake bure hata nikizeeka. Nilijua anasema kweli. Lakini mwanamume wa miaka arobaini na zaidi hawezi kuishi kwa viazi vya bure, na ukweli mwingine ni kwamba miguu yangu ilikuwa imeanza kuniwasha kwa hamu ya safari tangu mvua zilipokatika. Nilikuwa nimesikia kuna duka la vipuri Tanga. Saa tisa na nusu kipa alitia saini, nami nikaipeleka fomu mbio.

Niliondoka Jumamosi ya mechi ya kwanza, dhidi ya Diani. Nilitazama kipindi cha kwanza, sare bila goli, huku mama wa kipa akimwita mwanawe gunia. Wakati wa mapumziko timu nzima ilipanga mstari kunipa mkono, na beki wa kushoto akanitambulisha kwa mkewe kama mtu aliyemnyima mia tatu. Gari la Lunga Lunga halikungoja kipindi cha pili.

Nilikuwa kwenye foleni ya mpakani mwenyekiti aliponipigia simu, akipiga kelele kushinda kelele za watu. Tumeshinda, moja bila! Mshambuliaji wetu mpya amefunga kwa goti.

"Na kipa?" nikauliza.

"Kipa? Kipindi chote cha pili mpira haukumfikia. Alikuwa amekaa chini ya mlingoti, anaongea na mamake."

Nikafunga simu, nikampa afisa pasipoti yangu.