Pepo Lililoahidi Kutaja Jina

Mwaka yalipotokea mambo haya, nilikuwa na wasichana watatu waliokuwa wakijifunza kwangu, Kijenge, Arusha, kazi ya kufuma masweta ya shule. Sitawataja majina. Nitawaita kwa walikotoka au kwa jamaa zao, kama walivyokuwa wakiitana wenyewe. Wa kwanza alikuwa Mmachame, Mchaga wa Kilimanjaro, yatima, aliyelelewa na baba yake mdogo huko Sekei. Wa pili alikuwa mjukuu wa bibi jirani. Bibi huyo aliletwa Arusha kutoka Tanga akiwa mke wa dereva wa malori, mume akafa, yeye akabaki. Tulikuwa na uwanja mmoja naye, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Wa tatu alitoka Akheri, kwenye miteremko ya Meru juu ya Tengeru, na huyo alikuwa mchawi.

Nasema mchawi kwa sababu yeye mwenyewe hakulikataa neno hilo. Siku aliyokuja kuomba nafasi alinipa shikamoo, akakataa kiti, akasema, "Mama, nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Bibi yangu aliniachia kazi yake."

"Kazi gani?"

"Ile ambayo watu wanakuja kuiomba jioni, asubuhi wanaitukana."

Nikamuuliza kama anaweza kuhesabu vitanzi bila kukosea. Akasema anaweza. Nikampokea.

Mimi niliishia darasa la saba. Mashine ya kufuma nilijifunza kwenye kitabu chake cha maelekezo, kilichoandikwa kwa lugha nisiyoijua, nikifuata picha tu. Tangu hapo nimezoea kutoamini kitu mpaka nikifungue nione kimeungwaje. Uchawi wa yule msichana sikuweza kuufungua. Niliona mambo madogo tu. Nywele zake zilizoanguka hakuruhusu mtu mwingine azizoe. Mwenzake akijichoma sindano, alitafuna majani fulani na kuyabandika kwenye kidole, na kidole kilipona, kama vidole vingi vinavyopona vyenyewe. Zaidi ya hapo kulikuwa na utani.

"We mchawi, nifungulie huu uzi, umejifunga fundo."

"Leta kuku kwanza."

"Wa kienyeji au wa kisasa?"

"Wa kisasa mpeleke hotelini. Mizimu inasema ana maji."

Mjukuu wa bibi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Walikula sahani moja, wakasukana, wakaazimana kanga. Nawaeleza hivi ili ieleweke kwamba hakukuwa na ugomvi kati yao uliokuwa umefichika. Nilitafuta sana baadaye, sikuuona.

Pepo lilimpanda Mmachame asubuhi, wakati wa baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Alikuwa akifuma mkono wa sweta. Ghafla mashine ikanyamaza. Nilipogeuka alikuwa ameachia vitanzi vyote, sweta limeanguka sakafuni, naye anacheka kwa sauti ya mtu mzima.

"Mwanangu we, niache nikae," alisema. "Mie nimechoka."

Hiyo "mie", na namna alivyoivuta "mwanangu", ilikuwa ya bibi jirani. Kila mtu mle ndani aliisikia. Mjukuu alisimama, akakaa tena. Kisha Mmachame akaanguka chini na kukakamaa, tukamshika kichwa kisigonge kwenye chuma.

Jambo la kwanza nililofikiria ni kifafa, nikampeleka hospitali. Walimpima, wakasema hawaoni kitu, wakampa vidonge vya kulala. Likampanda tena. Baba yake mdogo, mtu wa kanisa la maombi, akaja na mchungaji wake na akina mama watatu. Walimlaza kwenye mkeka katika chumba cha kazi, wakamshika mikono na miguu, wakammiminia mafuta ya upako mdomoni. Mchungaji akapiga kelele moja kwa moja sikioni mwake.

"Wewe pepo! Nani amekutuma?"

"Yuko karibu," sauti ilijibu. "Namnusa."

"Taja jina lake!"

"Leo sitaji. Nitamtaja Jumamosi."

Akina mama walisema amina. Baba mdogo alisimama mlangoni akatazama uwanjani, ambako bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akichagua mchele. Hakusema jina. Alisema tu, "Jumamosi nitakuwepo na vijana wangu. Na huyo atakayetajwa, hapa halali."

Wakaondoka. Lakini uwanja mzima ulikuwa umeshaelewa. Nilikwisha kuona, mtaa mwingine, nyumba ya kikongwe aliyetajwa kwenye maombi kama hayo. Mlango uling'olewa, magodoro yakachomwa, na yeye na wajukuu wake walihama na nguo walizovaa, mmoja akiwa amevunjwa mkono. Watu waliofanya hivyo hawakuwa wahuni. Walikuwa majirani, na Jumapili yake walikwenda ibada. Kwa hiyo nilijua Jumamosi italeta nini kwa bibi na mjukuu wake.

Nilimshauri bibi aende kwa ndugu zake Tanga kwa muda.

"Ndugu gani?" aliniuliza bila kuinua macho kwenye ungo. "Walionijua wote wamekufa. Tena mie nikikimbia si ndiyo watasema ni kweli? Watoto wa uwanja huu nimewaogesha wote, hata huyo msichana, baba yake mdogo alipopanga hapa. Alikuwa mwoga wa maji."

Mjukuu aliacha kuja kazini. Mmachame nilimlaza kitandani kwangu, kwa sababu baba yake mdogo alisema hawezi kukaa naye Sekei na watoto wadogo. Hakuwa akila. Mikono yake ilikuwa na alama pale aliposhikwa. Yule wa Akheri aliniomba ruhusa ya kwenda kwao, akarudi Ijumaa mchana, viatu vimejaa tope jekundu la huko juu.

"Mama, nataka kuongea nalo," alisema. "Wewe ukae ndani uwe shahidi. Mwenzetu, mjukuu wa bibi, abaki kwao, asikanyage hapa."

Alikuwa amefunika kitu kwenye kanga. Nilimwambia anionyeshe, akanionyesha: majani mawili ya isale, kila moja limefungwa fundo. Isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini, kwa Wachaga na kwa Wameru pia. Mtu anayetaka kukuomba msamaha, au kukuomba jambo zito, akikuletea jani hilo limefungwa fundo, humkatalii. Unaweza kumchukia mpaka ufe, lakini aliloliomba unampa. Mimi si wa huko, ni Mrangi, lakini nimekaa nao miaka mingi. Nimeona kesi ya shamba iliyowashinda wenyeviti wawili ikimalizwa na jani hilo.

Tuliingia. Mmachame alikuwa ameegemea ukuta. Alimtambua mwenzake, akatabasamu.

"Shoga, umeniletea ndizi?"

"Ziko kwenye kapu. Utakula baadaye."

Kisha macho yake yakabadilika. Sijui kulieleza hili kwa usahihi zaidi: uso ulikuwa uleule, lakini aliyekuwa akitazama kupitia macho yale hakuwa na haraka hata kidogo.

"Aa, mchawi kaja!" sauti ilisema. "Karibu, mwanangu. Umeleta kuku?"

"Sikuleta."

"Mchawi gani wewe, mikono mitupu. Tena waniogopa."

"Nakuogopa kweli." Alivuta kigoda akakaa karibu kabisa, magoti yao yakigusana. "Haya, tuongee."

"Wenzio huniuliza nani kanituma. Wewe huulizi?"

"Siulizi. Nakuuliza unataka nini."

Likacheka. Likamtukana bibi yake aliyekufa, matusi ambayo sitayaandika. Likamwambia Akheri nzima inamcheka, hataolewa, atazeeka peke yake migombani. Yeye alisubiri, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Akarudia, "Unataka nini?"

"Jina," likasema. Na hapo sauti ilishuka. "Nimewaahidi jina. Nisipowapa watanishika tena. Wananikaba. Wananimiminia mafuta mdomoni mpaka nakosa pumzi. Nikiwapa jina wataniacha."

Katika maneno hayo hapakuwa na lafudhi ya pwani hata kidogo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na niliyasikia vizuri.

"Jina gani?"

"Lile wanalolitaka."

Msichana alifunua kanga, akanyoosha jani moja kwa mikono miwili. Mmachame alijibana ukutani, akaificha mikono yake mgongoni.

"Toa hicho! Toa hicho hapa!"

"Jini la Tanga limeijulia wapi isale?" aliuliza polepole.

Mmachame aliinamisha uso.

"Sikuuliza ili nikuaibishe," akaendelea. "Nimekuja kukuomba. Usimtaje bibi. Usimtaje mjukuu wake, ni mwenzetu, tunakula naye. Nitaje mimi. Mimi hilo neno wameshanizoea nalo."

Mmachame alitikisa kichwa muda mrefu. Jasho lilimtoka, na baridi ile. Yule mwingine hakushusha mikono, ingawa niliona mabega yake yanaanza kuchoka. Mwishowe mkono mmoja ukatoka mgongoni, ukalichukua jani. Kisha akalia, kilio cha kawaida cha msichana, akalala usingizi. Alipoamka alikula ndizi mbili.

Nilimfuata yule wa Akheri bombani, alikokuwa akinawa uso.

"Mle ndani ulikuwa ukiongea na nani?" nilimuuliza. "Pepo, au mwenzako?"

"Na yeyote aliyekuwa na mkono wa kupokea, mama."

"Kesho nitawaeleza mimi. Nitawaambia nilichokisikia."

"Utawaambia nini? Kwamba pepo ni la Machame, si la Tanga? Watakusikiliza, watatikisa vichwa, halafu watavuka uwanja waende kwa bibi." Akajifuta kwa kanga. "Walikuja kutafuta mtu, mama. Hawataondoka bila mtu."

Nilijaribu kupanga hoja, moja baada ya nyingine, kama nitakavyozisema mbele yao. Kila hoja iliishia mlangoni kwa bibi.

Jumamosi walikuja kabla ya adhuhuri. Baba mdogo alikuwa na vijana wanne, na mmoja wao alikuwa na chuma mkononi. Watu wa mtaa walijaa mpaka njiani. Mlango wa bibi ulikuwa umefungwa. Mchungaji aliuliza swali lake lilelile, na Mmachame, akiwa mkekani, alijibu kwa sauti ya bibi wa Tanga. Nilidhani mapatano yamevunjika.

"Nimetumwa na mchawi wa Akheri," alisema. "Yule pale."

Watu waligeuka. Wengine walionekana kama wamenyang'anywa kitu, kwa sababu macho yao yalikuwa yameshatangulia kwenye ule mlango uliofungwa. Kisha mama mmoja akasema kwa nguvu, "Si anajiita hivyo mwenyewe? Nimemsikia kwa masikio yangu!" Kelele zikaanza. Baba mdogo alimnyang'anya yule kijana chuma, akamwendea.

Hakukimbia. Alikuwa amesimama kando ya mashine yake, na alipoona chuma kimepanda alinyoosha lile jani la pili.

"Baba, naomba uniache niondoke," alisema. "Na bibi, na wote wa uwanja huu, uwaache."

Baba mdogo alikuwa mtu aliyeokoka. Alikuwa ameshakata kila mti wa isale kwenye kiwanja chake Sekei, mwenyewe aliwahi kujisifu hivyo. Lakini alizaliwa Machame na kukulia huko. Chuma kilibaki hewani, kisha kikashuka chenyewe, polepole.

"Litupe hilo jani!" mchungaji alimwambia msichana. "Ni mambo ya kipagani!"

Baba mdogo hakumwangalia. Alilipokea jani kwa mkono wa kulia, akalitia mfukoni mwa koti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshindwa nyumbani kwake mwenyewe.

"Ondoka," alisema. "Sasa hivi. Nisikuone tena mjini." Akawageukia vijana. "Twendeni. Imekwisha."

Msichana alikuwa ameshafunga mzigo wake tangu alfajiri. Alipita katikati ya watu, wakamwachia nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Mmoja alitema mate. Mmachame alibaki mkekani, amefunika uso.

Pepo halikurudi. Bibi jirani yupo mpaka leo, na bado ananilaumu nikichelewa kuanua nguo kwenye kamba. Wasichana wangu wawili walirudi kazini, wakafuma vizuri, lakini sahani walitenganisha. Wateja walinipongeza kwa kumfukuza mchawi, na mimi niliwapimia watoto wao mabega na mikono.

Shule zilipokaribia kufunguliwa kazi ilinizidi. Nilipanda Akheri kumfuata. Nilimkuta anapalilia kahawa chini ya migomba, mikono myeusi kwa udongo. Alinipa shikamoo, akaniletea kigoda, akauliza habari za wenzake, mmoja mmoja.

Nikamwambia arudi. Nikamwambia mtaa umetulia, baba mdogo haji tena, watu wanasahau, na mashine yake hakuna aliyeigusa.

"Mwenzangu ni mzima?"

"Ni mzima. Hata kifafa hana."

"Na bibi?"

"Yupo. Anakusalimu."

Alifurahi kweli, nilimwona. Kisha akaokota jembe lake.

"Basi siji, mama. Nikirudi nikakaa nanyi, nikafuma, na mwenzangu asipatwe na kitu, wataona kwamba sikuwa mimi." Alifukia shina alilokuwa amelianza. "Halafu wataanza kuulizana alikuwa nani."

Nilikaa kidogo, nikamsaidia kuzoa magugu mpaka mwisho wa mstari. Alinikatia mkungu mdogo wa ndizi, nikaushusha mpaka Tengeru begani, na nilipofika nyumbani niliugawa mafungu matatu: la Mmachame, la bibi na mjukuu wake, na langu.